Zamu ya Mwisho

Soko la mtaa wa Kenya asubuhi halina adabu; ukisimama kidogo, unasukumwa. Ndivyo Kasereka, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Butembo, alivyosukumwa hadi kwenye meza ya Mapalo, binti aliyetuma na kutoa pesa za simu chini ya mwavuli mwekundu. Shati la Kasereka lilipigwa pasi vizuri, lakini viatu vilijaa vumbi la barabara ya Kasomeno, alikonunua mahindi. Mapalo alivaa kitenge cha kijani kilichomkaa hasa. Kasereka aliomba radhi, akatoa pesa zote zilizokuwa kwenye simu yake, kisha akabaki pale akitafuta sababu ya kutoondoka.

Kesho yake alirudi, na keshokutwa pia.

“Papa, feza yako haikalake mu téléphone hata siku moja?” Mapalo alimtania.

“Iko na mbio, sawa mwenyewe.”

Kweli alikuwa na mbio. Hata akikaa, mguu wake wa kulia ulitikisika. Mapalo aliupenda mguu huo kabla hajampenda mwenye mguu, na masika yalipokwisha walikuwa wameshapendana, mchana kutwa wanapigiana simu kwa maneno yasiyo na kazi.

Mjomba Mwaba wa Kasungami, aliyemlea Mapalo, alitaja mahari. Iletwe kabla ya mvua ya kwanza, alisema, maana kuna mposaji mwingine ameuliza. Na hapo ndipo Kasereka alipokera. Mara mbili alikusanya mahari, na mara mbili mahari ikageuka mahindi. Jeannot, mwenzake wa Kasomeno, alipiga simu kwamba bei imeshuka, mguu ukaanza, na pesa zikaondoka eti zirudi maradufu. Shehena ya kwanza iliharibika. Ya pili ilifika sokoni ikakuta bei imeanguka, na Mapalo akalia mbele yake.

Ndipo Kasereka akaingia likelemba ya wafanyabiashara wa mtaa wa Bel-Air: kila juma wote wanachanga, mmoja anachukua. Walipopiga kura, zamu ya kwanza ikamwangukia yeye. Mapalo alifurahi mpaka akanunua kitambaa cha gauni. Siku mbili baadaye Estelle, mke wa Ruphin wa likelemba ile ile, akapita mezani akishukuru: Kasereka amempa mumewe zamu ile, mwenyewe ameomba ya mwisho.

Mapalo alikunja mwavuli mchana kweupe. Simu za Kasereka hakuzipokea, na meza akaihamisha. Kijana wa watu akazunguka soko zima roho juu, halali, hali. Mwishowe alimkuta Kasungami, akimwagilia mboga za lengalenga za mjomba.

“Balikupa tour ya kwanza, weye ukamupa Ruphin. Sema tu haunitaki.”

“Mapalo, ningekamata ile feza, Jeannot angeniita ile siku. Leo niko naapa, kesho lori iko njiani. Niko najijua. Donc ikae kwa bengine, fasi mukono yangu haifike. Na siku yangu nimebaambia basinipe miye. Baletee tonton Mwaba.”

“Na mvua ikitangulia?”

Kasereka akatazama mbingu, maana zamu ya mwisho iliangukia mwisho kabisa wa kiangazi. Mguu ulitikisika juu ya udongo mbichi. Mapalo alikuwa na hasira, lakini alimwamini, na hayo mawili yalimkosesha usingizi majuma yote yaliyofuata. Kila wingu lilimtoa nje. Kasereka alimpigia asubuhi kuuliza mbingu za Kasungami zikoje, na jioni akauliza tena.

Siku ilipofika, mawingu yalikuwa meusi. Wafanyabiashara wa likelemba waliingia uani kwa mjomba wamevaa makoti, na Ruphin akaweka bahasha ya mahari mbele yake. Kasereka hakuigusa. Alikaa mikono ameibana kati ya magoti, na simu yake ikalia.

Jeannot.

Watu wote walimtazama. Akaichukua ile simu, akampa Mapalo.

“Jeannot,” Mapalo alisema, “mahindi uuzishe bengine. Kasereka iko anaoa.”

Mjomba Mwaba akaivuta bahasha upande wake. Tone la kwanza likagonga bati, watu wakacheka wakisogeza viti ndani. Simu ikalia tena, mguu wa Kasereka ukaanza. Mapalo akavua kiatu, akauwekea wake juu, na wakakaa hivyo mpaka simu ikanyamaza.