Mgeni Aliyeandika "Ndoo"

Walikuwa sita, na Jumanne ile wakawa saba.

Kila siku saa saba mchana, tajiri wake Jaffar akienda kuswali, Mbeyu alichomoa waya wa simu ya ofisi akauchomeka kwenye kompyuta, huku malori ya Shimanzi, Mombasa, yakinguruma nje. Modemu ilipiga mayowe yake, kisha barua za wenzake zikaingia. Hakuwa amemwona hata mmoja wao. Walijuana kwa jambo moja tu: wote walikuwa wamechoka kuishi, nao walipatana kwamba hakuna kujidhuru kabla ya kuwaandikia wengine kwanza. Asiyekuwa na la kusema aliandika neno moja: "Nipo." Mume wa Mbeyu alipozikwa, Emmah wa Kitale alimwandikia siku arubaini mfululizo, "Ngoja kesho, dada." Naye akangoja.

Huyo wa saba hakusalimu wala hakujitaja. Aliandika: "Ronald. Ndoo."

Ronald wa Nakuru alikuwa mcheshi hata ndani ya huzuni yake. "Ndugu, hapa si sokoni," akajibu. "Ya lita ngapi? Haya, niletee, kwangu maji yamekatika wiki nzima."

Walicheka wote. Mbeyu alicheka mpaka akajifuta machozi.

Jaffar aliporudi alisimama mlangoni akinusa. "Mwanangu, wafukiza udi ofisini?"

"La, bwana. Hata mimi nausikia. Watoka nyuma ya kompyuta."

"Basi izime. Usije ukaniunguzia."

Jumatano Ronald hakuandika "Nipo". Alhamisi aliandika kaka yake: Ronald amejiua. "Jumanne jioni aliinuka mezani akasema ana mgeni mlangoni. Sisi hatukuona mtu."

Ijumaa ikaja barua ya Emmah, aliyeishi nyuma ya duka la mzee Wekesa, lenye simu na kompyuta ya kukodi.

"Dada Mbeyu, nipo. Leo yule mwenye ndoo ameniandikia mimi. Nimemkumbuka Ronald nikalia, kisha nikamjibu kwa mzaha wake: haya, ilete nyumbani. Sasa narudi kumpikia Pendo uji. Huyu mtoto ndiye anayenishika duniani."

Chini yake palikuwa na ile ya yule wa saba: "Emmah. Ndoo."

Mbeyu aliisoma kwa sauti ya chini, na hapo ndipo sikio lilipolijua neno ambalo jicho lilikuwa limepotea nalo, neno la mama wa mtaani kwao Bondeni wakiwaita watoto wao vichochoroni, ndoo mwanangu, ndoo, neno ambalo mwalimu aliwachapa kwalo shuleni mpaka wakajifunza kuandika "njoo", na watu wa bara wangelijuaje, wao ambao ndoo kwao ni ya kutekea maji tu. Akaung'oa waya kwenye kompyuta ili apige simu, na waya ukiwa mkononi mwake modemu ikaendelea kulia, sasa si mayowe tena bali kama mtu anayecheka amefumba mdomo, na udi ukamjaa kooni hata, alipourudisha waya kwenye simu, akakosea mara mbili namba ya duka aliyopewa na Emmah.

"Mzee Wekesa! Niitie Emmah, nakuomba, kimbia!"

Alingoja. Mwishowe akasikia mtu akihema.

"Haloo?"

"Emmah! Alhamdulillahi. Sikiliza, dada, ile ndoo si ndoo. Ni njoo. Anatuita. Usirudi nyumbani."

"Ni nani anayesema?" Emmah akauliza, polepole.

"Mimi, Mbeyu. Wa Mombasa."

"Mbeyu yuko kwangu," Emmah akanong'ona. "Amefika sasa hivi. Alisema amesafiri njia yote hiyo kuja kuniona. Nimemwachia Pendo, amlishe uji."

Simu ilianguka. Mbeyu alisikia miguu ikikimbia, na mzee Wekesa akiuliza kuna nini, kisha, mbali, nyuma ya duka, kitoto kikaitika kwa furaha:

"Nakuja, shangazi!"