Mkate wa Lozi

"Hata huu siuli," mume wangu alisema, akausogeza mkate kwa kidole kimoja.

Mimi kazi yangu ni kuoka mikate. Lakini tangu aanze kula kama watu wa kale wa mapangoni, ngano ilipigwa marufuku mezani kwake. Nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, korosho, basi. Nafaka, maharage, maziwa, sukari na chumvi, hapana. Nikasema sawa, afya ni yako. Nikasaga lozi, nikapiga mayai, nikaponda ndizi mbivu badala ya sukari. Bado akanikatalia.

"Watu wa kale hawakuoka mikate, mama Kadogo."

"Hata simu hawakuwa nayo, baba Kadogo. Mbona yako unalala nayo?"

Hakucheka. Alibeba nyama yake akaenda kuila nje, peke yake. Ndivyo tulivyoishi siku hizo, sufuria mbili, sahani mbili, ukimya mmoja. Kadogo, binti yetu, aliniuliza kama baba anaumwa. Nikamwambia ndiyo, kidogo, atapona.

Kesho yake mume wangu alisahau chakula chake nyumbani. Nikamshika Kadogo mkono, nikampelekea kwenye karakana yake ya kutengeneza friji.

Nyuma ya friji zilizoachwa wazi, alikuwa ameketi goti kwa goti na dada anayeuza vipuri duka la pili. Katikati yao mkate wa ngano, umepakwa siagi. Yule dada alikuwa anamega, anamlisha. Mume wangu alitafuna amefumba macho, vile alivyokuwa akitafuna mkate wangu zamani za uchumba wetu.

Kadogo ndiye aliyewahi kusema.

"Baba, umepona?"

Alifumbua macho. Siagi mdomoni.

"Mke wangu, ni kipande tu."

"Kumbe hukuacha mkate," nikamwambia taratibu. "Uliacha wangu."

Nikaweka nyama yake juu ya friji, tukaondoka.

Jioni, tukiwa kwa mama yangu, ujumbe wake ukaingia kwenye simu: "Nisamehe. Rudini. Nitakula chochote utakachopika."

Nikajibu: "Watu wa kale walizunguka moto mmoja, wakala pamoja. Hilo ndilo ungeiga kwao."

Sikuandika zaidi. Niliwasha jiko la mama, nikakanda unga wa ngano, machozi nikayafuta kwa kiwiko. Mkate ulipoiva, Kadogo alimega kipande, akakiweka pembeni ya sahani.

"Hiki cha baba."

Nikakifunika kisikauke.