Upande wa Kushoto wa Mheshimiwa

Nguchiro alipanda jukwaani kabla ya mgombea. Alikuwa wa chuma, mrefu kama mkono wa mtu mzima, na puani mwake mlikuwa na nywele za waya zilizotikisika muda wote. Alinusa zulia, akanusa spika, akashuka mpaka kwenye masufuria ya pilau na kuingiza pua katikati ya mvuke. Watoto walimfuata nyuma wakimwita shemeji. Kila kitu kilichouzwa katika mji wa Ukunguni kilipuliziwa harufu ndogo ya yule aliyekilipia, harufu ambayo pua ya binadamu haiipati, na nguchiro aliweza kujua mchele kanunua nani na vitunguu kanunua nani. Akikuta kampuni imempa mgombea kitu kinachozidi thamani ya glasi moja ya maji, anakaa chini, anapiga mluzi, na mkutano unakwisha hapo hapo. Mgombea naye anakuwa amekwisha.

Siku ile hakukaa. Alipanda begani kwa Hoza Shemweta, akanusa shingo, akanusa sikio moja na la pili, akashuka zake. Watu wakapiga makofi. Sheria ya Glasi ilitungwa na Hoza mwenyewe alipokuwa diwani, na sasa aligombea umeya kwa sifa ya sheria hiyo hiyo.

Mkewe, Mwantumu, hakupiga makofi. Alikuwa anayatazama yale masikio.

Zamani Hoza alikuwa mfanyakazi wa minara ya ukungu, zile nguzo ndefu zenye nyavu ambazo kampuni ya Tone ilizisimamisha juu ya milima ya Usambara ili kukamua maji kutoka kwenye ukungu. Mlio wa pampu uliliua sikio lake la kushoto, na la kulia likabaki na uzima kidogo tu, wa kumsikia mtu akipaza sauti karibu. Kwa miaka yote ya udiwani Mwantumu ndiye aliyekuwa sikio lake. Alikaa kushoto kwake kila mkutano, mkono ndani ya mkono. Walikuwa na lugha yao ya viganja. Kumfinya mara moja maana yake ni umesikia sivyo. Kumkandamiza kwa kidole gumba maana yake ni nipo hapa. Madiwani wengine walidhani ni mapenzi tu, nao hawakukosea sana.

Halafu yakaja masikizi. Yalikuwa mawili, meupe, madogo kama punje za mahindi, moja kila sikio. Yalikusanya maneno ya watu, yakayasafisha kelele, na kuyapitisha kwenye mfupa mpaka kichwani. Sheria ilizitaka kampuni ziwatibu wafanyakazi ziliowaumiza, kwa hiyo Tone walimpa Hoza masikizi kama dawa, na dawa haihesabiwi kuwa zawadi. Toka siku hiyo kiti cha kushoto kilikaliwa na yeyote aliyewahi kufika.

Pamoja na masikizi alikuja fundi wake kutoka Tone, Leonia, binti mwenye vidole vyembamba, aliyefika nyumbani kila wiki kuyarekebisha. Alimwinamia Hoza akimpumulia shingoni, na Hoza alifumba macho kama mtu anayenyolewa ndevu. Mwantumu alisimama mlangoni na sinia la chai, akiviangalia vile vidole. Alivijua vizuri sasa kuliko vyake. Hata pete aliyoivaa Leonia alijua inapokaza.

"Fundi," alisema siku moja, "hayo masikio hayasafiki tu? Mimi sufuria la ugali nalisugua mara moja likatakata."

"Ni kazi ya uangalifu, mama."

"Naona. Uangalifu kwa mume wa mtu haukosi kuwa mwingi. Ukimaliza, mlango unaujua."

Hoza alifumbua macho akitabasamu. "Umesikia, fundi? Mke wangu anasema usiondoke bila kula."

Mwantumu alimtazama mumewe, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Akamgeukia Leonia, naye alikuwa ameinamia mkoba wake, anakusanya vifaa haraka haraka. Mtu asiye na habari angeshangaa. Leonia hakushangaa hata kidogo.

Asubuhi iliyofuata Mwantumu alimwekea mumewe chai mezani. "Nimeitia chumvi," alimwambia polepole. "Kusudi. Kunywa."

Hoza alikunywa, akakunja uso, kisha akamshika mkono. "Usijali, Mwantu. Kukosea ni kwa kila mtu. Wala usiombe radhi namna hiyo."

Mwantumu alikaa kwenye kiti.

"Unajua," Hoza aliendelea, "siku hizi umekuwa laini. Ile siku niliyotaka kuacha kugombea, uliniambia hata nikishindwa mbele ya mji mzima, kwako nitakuwa nimeshinda. Neno lile ndilo ninalotembea nalo."

Siku ile Mwantumu aliikumbuka vizuri. Alikuwa anafua, amechoka, na alichosema ni hiki: ukishindwa usije ukanililia.

Kumbe alikuwa anamwonea wivu mtu asiye ndiye. Mke mwenzake hakuwa Leonia. Ndani ya yale masikizi alikaa Mwantumu mwingine, mwenye sauti ile ile, asiyechoka, asiyenuna, asiyekuwa na kikapu cha nguo chafu. Huyo ndiye aliyeamka na Hoza na kulala naye. Yeye aliyebaki nje alipika tu. Na wivu wa kumwonea mwanamke mwingine angalau una pa kwenda, unaweza kumfuata mpaka kwake ukamwaga maji mlangoni. Huu wa kujionea mwenyewe aliubeba kutwa, jikoni na sokoni, asijue autue wapi.

Ndipo alipowaza mikutano. Kama chumvi iligeuka radhi, vilio vya watu viligeuka nini? Jibu alilipata jioni hiyo hiyo, Hoza aliporudi ametulia. Alikuwa ameahidi kuipanua Sheria ya Glasi ili iwabane pia wenyeviti wa mitaa, ambao Tone walikuwa wanawalisha mchana kweupe.

"Ile ahadi nitaiondoa," alisema. "Nimezunguka mitaa yote, hakuna anayelalamikia Tone. Watu wanasema maji ni mazuri, bei wanaielewa. Nitamtungia nani sheria?"

"Wanalia," Mwantumu alisema. "Wanalia, Hoza, mimi nawasikia. Wamekuziba masikio."

"Hata mimi nakupenda," alijibu Hoza, akavua viatu.

Mwantumu alimwandikia ujumbe. Hoza aliusoma mara mbili, kisha akamtazama kwa huruma. "Mdomoni mtamu hivyo, kwenye maandishi mkali hivi? Ni yule fundi, siyo? Sema tu kwamba una wivu naye." Mkewe alipomwomba ayatoe masikizi japo kidogo, Hoza aliyafunika kwa viganja. Alikuwa ameishi ndani ya ukimya miaka mingi na hakutaka kurudi huko kwa sababu ya mabishano.

Basi Mwantumu akaenda kwa Bi Kaoneka, msimamizi wa uchaguzi. Bi Kaoneka alimsikiliza mpaka mwisho, nguchiro amejikunja chini ya meza yake kama paka.

"Huyo fundi ni mzuri?"

"Mzuri."

"Wewe na mumeo mkoje siku hizi?"

"Yeye yuko vizuri."

Bi Kaoneka akaguna. "Dada yangu, nguchiro amenusa yale masikio kila mkutano. Ni dawa. Na ofisi hii haipokei kesi za wivu."

"Wivu ninao," Mwantumu alisema. "Sikatai. Lakini chumvi nayo ilikuwemo kwenye chai."

Mkutano wa mwisho ulifanyika uwanja wa minarani, mchana, ukungu ukiwa umepanda. Hoza alizungumza vizuri. Yalipofika maswali, alisimama Mama Mtangi, muuza mapeasi, ambaye sauti yake haikuhitaji spika.

"Mheshimiwa, Tone wamemnunulia mwenyekiti wetu pikipiki ya kuruka. Toka aipate, chemchemi yetu imefungwa na tunauziwa maji kwa kopo. Hiyo glasi yako imepasuka chini. Unawafanya nini hawa watu?"

Hoza aliweka mkono kifuani. "Asante, mama. Shukrani zako nitazifikisha kwa wahusika."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akaacha. "Naye wamemnunua," alisema mwingine.

Mwantumu alipanda jukwaani. Kwenye kiti cha kushoto alikaa kijana wa kampeni. Alimtazama tu, kijana akaondoka. Akauchukua mkono wa mumewe na kumfinya kiganjani, mara moja.

Hoza alishtuka. Ilikuwa zamani sana tangu afinywe. "Mama," alisema kwenye spika, "hebu rudia."

Mama Mtangi akarudia, kwa ukali zaidi. Hoza alianza kutabasamu, akafinywa tena, pale pale. Tabasamu likakwama. Akatazama watu. Masikioni mwake mlikuwa na mji unaomshukuru, na mbele ya macho yake hapakuwa na hata mtu mmoja aliyecheka. Aliitazama midomo ya Mama Mtangi. Alimtazama mkewe, akauona uso wake ulivyochoka, uso usiofanana hata kidogo na sauti aliyoizoea.

Akayatoa masikizi, moja baada ya jingine. Kisha akainama na kumtegea Mwantumu sikio la kulia.

Mwantumu alilipaza lile swali neno kwa neno, pamoja na pikipiki na kopo. Hakulilainisha. Hoza alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ile chai?" aliuliza.

"Nilitia chumvi kusudi!"

Mbele ya mzungumzaji palikuwa na glasi ya maji, ile moja iliyoruhusiwa. Hoza aliyatumbukiza masikizi humo. Yalizama bila kupandisha maji hata kidogo.

"Bi Kaoneka," alisema, "kampuni imenipa kitu kinachozidi glasi. Nimeuvaa mkono wao kichwani nikawaambia ni masikio yangu."

"Ukilisema hilo mbele ya watu, Mheshimiwa, sitakuwa na la kukusaidia," alijibu Bi Kaoneka kutoka chini. Hoza hakumsikia. Nguchiro aliletwa, akaitia pua kwenye glasi, akainusa, akainusa tena. Hakukaa.

Basi Hoza akakaa yeye. Alikaa chini kwenye zulia na suti yake, akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi mrefu. Mkutano ukawa umekwisha, na mgombea naye.

Umeya alichukua mtu mwingine. Masikizi yalifunguliwa na mafundi wasio wa Tone, na baraza likakaa kubishana dawa nayo inuswe vipi. Leonia hakuonekana tena mjini. Hoza alirudi kwenye ukimya wake, na siku moja, wamekaa barazani ukungu ukipita, aliuliza kile ambacho Mwantumu alikuwa anakisubiri.

"Ile siku niliyotaka kuacha. Hukusema kabisa?"

"Sikusema!" alimpazia sauti.

Hoza akatikisa kichwa taratibu. "Lilikuwa neno zuri."

Neno lenyewe sasa Mwantumu alikuwa nalo mdomoni, na lilikuwa la kweli. Mumewe ameshindwa mbele ya mji mzima, na kwake ameshinda. Lakini yule mwingine alikuwa amelitangulia kulisema, kwa sauti yake yeye, tena vizuri kuliko ambavyo angeweza. Wivu ukampanda upya, kana kwamba mwenzake angali kule ndani.

Alinyanyua kigoda chake, akakihamishia upande wa kushoto. Akauchukua mkono wa Hoza na kuukandamiza kwa kidole gumba.

Hoza akageuka. "Umesema nini?"

"Sijasema kitu," alijibu Mwantumu, na kwa kuwa alijibu polepole, na upande ule, Hoza hakusikia.