Maji Yaliyokosa Kwao

Adhana ya magharibi ilikuwa bado kidogo. Elinipa alikuwa anamwaga toroli la mwisho la kifusi bwawani, na kila toroli alilisindikiza kwa tusi.

Bwawa lile la mapambo alilikuta uani aliponunua nyumba mtaani Sofu. Mwenye nyumba wa zamani alifuga samaki wa rangi humo. Samaki walikufa, mbu wakarithi. Elinipa alikwenda ofisi ya halmashauri kuomba dawa ya mbu, akaambiwa dimbwi la nyumbani halitambuliki. Kisha Bertha, binti yake wa miaka minne, akatumbukia, akatolewa akiwa hapumui vizuri. Elinipa akarudi ofisini kusema analifukia. Ghafla likatambulika: kumbe ni chanzo cha maji, linahitaji kibali!

Akaenda kununua koleo.

"Shikamoo, bibi," alimwamkia Bi Mwanakheri, jirani yake, aliyekuwa amesimama nyuma ya michongoma.

"Marahaba. Mama Bertha, udongo wa hapa ni wa mfinyanzi, haunywi maji. Sisi tukifukia dimbwi tunachimba kwanza mfereji hadi bondeni, tunayaambia maji: njia yenu hii. Yakikosa kwao..."

"Bibi, haya ni ya mvua. Hayana ukoo."

"Kila kitu kina kwao, mwanangu."

Hasira ikampanda Elinipa. Yalitaka kumuua mwanawe, halafu yeye ayatengenezee njia? Akakikanyaga kifusi kwa buti, akafoka:

"Haya, nenda unakotaka!"

Chini ya buti, kitu kikaguna.

Akaliacha toroli, akaelekea ndani.

Alipofungua mlango wa nyuma, harufu ya tope ilimpokea. Sakafu ilikuwa kavu, isipokuwa nyayo. Ndogo... zimelowa... zinaelekea chumbani kwa Bertha.

Za kurudi hazikuwepo.

Bertha alikuwa ameketi kitandani, mkavu kabisa, amejibana ukutani kama anayempisha mtu. Upande wa pili godoro lilikuwa limebonyea. Linachuruzika.

"Mama," alinong'ona, "si umemwambia aende anakotaka?"

"Nani?"

"Amesema anataka kwangu."

Elinipa alimnyakua mtoto, akamkabidhi Bi Mwanakheri, akarudi na koleo. Akachimba kuelekea bondeni, akilia kwa ghadhabu. "Njia yako hii! Mwache mwanangu! Njia yako hii!"

Maji yakatoka. Meusi, taratibu, kama mgeni asiyetaka kuaga.

Kesho yake afisa wa halmashauri alifika, maana sasa hakuna aliyemwita. Alieleza kwamba udongo wa mfinyanzi haupitishi maji. Ukijaza kifusi bila kuchimba mfereji, maji hupanda na kutafuta upenyo, hata sakafuni. Kuhusu nyayo hakusema kitu. Hazikuwa chini ya idara yake.

Godoro lilichomwa moto. Siku hizi Bertha analala na mama yake, na kila jioni anajibana ukutani.

"Sogea huku, mwanangu. Kitanda kikubwa."

"Nafasi hakuna, mama."

Elinipa hupapasa pale katikati.

Mpaka leo ni pakavu.