Kifuniko Kipya cha Lori la Fridolin

Fridolin alikuwa dereva wa lori hapa Ifakara mwaka 1912, wakati wa utawala wa Wajerumani. Lori lilikuwa la shamba moja la pamba. Siku hizo magari yalikuwa machache sana. Watoto wakilisikia likiunguruma, waliacha mchezo na kukimbilia barabarani.

Kazi yake ilikuwa kupeleka pamba stesheni ya reli, Kilosa. Alipita Kisawasawa na Sanje, chini ya milima. Mkewe, Digna, alimfungia wali na kambale mkavu kwenye jani la mgomba.

"Baba Serafina, usikimbize gari," alimwambia kila mara.

"Hili gari lenyewe halitaki mbio," Fridolin alijibu.

Lakini lori lilikuwa na ubovu. Kifuniko cha injini, yaani lile bati kubwa la mbele, kilikuwa kimeshika kutu. Bawaba moja ilikuwa imekatika. Komeo lilikuwa halishiki. Fridolin alikifunga kwa kamba. Kila safari alisema atakitengeneza akirudi. Akirudi, alikuta mizigo mingine inamngoja.

Siku moja alikuwa anarudi kutoka Kilosa, gari likiwa tupu. Karibu na Kisawasawa kamba ilikatika. Joto la injini lilikuwa limeiunguza kidogo kidogo. Upepo ukaingia chini ya kifuniko, kikafunguka ghafla na kusimama mbele ya uso wake. Hakuona barabara. Alikanyaga breki. Lori likaacha njia, likaingia majanini.

Alisikia vyungu vikivunjika. Kisha akasikia mwanamke akipiga kelele.

Fridolin aliruka chini. Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye nyasi, ameshika mguu. Jina lake Balbina. Alikuwa mfinyanzi, na vyungu alivyokuwa amebeba vilikuwa vigae vitupu.

"Mama, nisamehe! Umeumia wapi?"

"Kifundo cha mguu." Balbina alilitazama lori, kisha akamtazama yeye. "Vita vya Maji Maji vilimchukua mume wangu na kaka zangu. Njaa ikaja, nikala mizizi ya porini, sikufa. Leo niuawe na bati lako?"

Fridolin alikifunga tena kifuniko kwa kipande cha kamba kilichobaki. Kisha akambeba Balbina, akampandisha garini, akampeleka Ifakara kwa mkewe. Digna alimkanda mguu kwa maji ya moto, akampa kitanda chake.

Jioni ile Fridolin alilizunguka lori akikitazama kifuniko. Mwisho akasema, "Nimepata dawa. Nitaondoa kifuniko kabisa. Injini itapata hewa."

"Na likitokea jambo jingine?" aliuliza Digna. "Kamuulize Fundi Mtoro kwanza."

Mtoro alikuwa mhunzi kutoka pwani. Aliwahi kufanya kazi kwenye karakana ya reli. Asubuhi Fridolin alimkuta akiwasha tanuru.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana?"

Fridolin alimweleza yote. Mtoro alitikisa kichwa.

"Usiliendeshe wazi. Kifuniko kinazuia vumbi na maji. Maji yakilowesha sehemu inayotoa cheche, gari linazimika. Nyasi kavu zikiangukia bomba la moto, zinawaka. Na wewe unabeba nini?"

"Pamba."

"Basi umejibu mwenyewe. Kile cha zamani kimeliwa na kutu. Hakishiki bawaba tena. Tutengeneze kipya. Nitafutie bati nene."

Shambani kulikuwa na tangi kuukuu la maji. Fridolin alikwenda kuliomba kwa msimamizi wa shamba. Alimwomba pia muda wa kulitengeneza lori.

"Tangi chukua," alisema msimamizi. "Lakini pamba inaondoka leo."

"Bwana, leo lori si salama. Jana nusura niue mtu."

"Unanikatalia?"

Fridolin aliogopa. Wakati huo kiboko kilikuwa jibu la kila kitu. Alimfikiria Balbina pale kitandani.

"Leo siendeshi, bwana."

Alilazwa juu ya gunia la pamba, akachapwa viboko kumi mbele ya wenzake. Msimamizi akasema, "Kesho mchana uwe njiani."

Fridolin aliinuka taratibu. Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Mtoro na bati la lile tangi.

Mtoro aliuona mgongo wake. Alimpa maji, kisha wakaanza kazi.

Walinyoosha kifuniko cha zamani, wakakilaza juu ya bati jipya. Mtoro alichora kwa mkaa kufuata umbo lake.

"Ongeza upana wa vidole viwili pande zote," alisema. "Hapo tutakunja. Ukingo usiokunjwa unakata mikono, na bati linalegea."

Walikata kwa tindo na nyundo. Walikunja kingo juu ya gogo. Ubavuni walitoboa matundu marefu ya kutolea joto. Walifunga bawaba mbili mpya na komeo la chuma. Mtoro akaongeza mkanda wa ngozi juu yake.

"Komeo likishindwa, mkanda utashika," alisema. "Na hapa kinapolalia, weka ngozi pia. Chuma kikigongana na chuma, vyote vinakwisha."

Kesho yake asubuhi walipaka rangi ya kuzuia kutu. Fridolin alitikisa kifuniko kwa nguvu zake zote. Hakikusogea.

"Sasa kitunze," alisema Mtoro. "Kabla ya safari, kitikise hivyo hivyo. Futa matope. Tia mafuta kwenye bawaba. Rangi ikibanduka, paka tena, usingoje kutu. Na usifungue injini ikiwa inazunguka. Izime, ipoe, kisha tegemeza kifuniko kwa gongo imara. Kikikuangukia, utapoteza vidole."

Mchana ule lori liliondoka na pamba. Balbina alikuwa ameanza kukanyaga. Alikaa mbele kando ya Fridolin, na mapajani alikuwa na chungu kipya alichopewa na Digna.

"Umechapwa kwa ajili yangu," alisema njiani.

"Nilichapwa kwa ajili ya kamba, mama," Fridolin alijibu. "Ningekitengeneza kifuniko mapema, tusingefika huko."

Alimshusha kwake Kisawasawa, akaendelea.

Kabla ya Sanje, mvua ya kwanza ya mwaka ilishuka kutoka milimani. Maji ya kijito yalikuwa yanapanda. Fridolin alifunika pamba kwa turubai, akaingia majini polepole. Maji yaliruka yakapiga kifuniko kwa kishindo. Katikati ya kijito injini ilikohoa. Fridolin alishika usukani kwa mikono miwili. Injini ikaunguruma tena, na magurudumu ya mbele yakapanda ng'ambo.

Hapo alizima gari. Alingoja lipoe. Akafungua mkanda, akafungua komeo, akategemeza kifuniko kwa gongo. Aliingiza mkono ndani na kupapasa sehemu ya cheche.

Palikuwa pakavu.