Foto Iliyokatwa

Kila Jumamosi Kasoki, msichana wa miaka kumi na miwili, alifuta vumbi ofisini mwa kituo cha yatima alimolelewa, kule Masisi, mashariki mwa Kongo. Kabatini mlikuwa na albamu ambayo watoto walikatazwa kuigusa. Kasoki alijua ufunguo ulipofichwa, akaigusa.

Jumamosi hiyo alikuwa bado akifuta meza. Mgeni aliingia, amefika kwa pikipiki kutoka Itebero: Adelaïde, aliyekulia hapo na kuondoka miaka kumi iliyopita.

“Mama, nakuja kutafuta foto yangu,” alimwambia Mama Jeannette, mkuu wa kituo. “Ile nilikuwa nabeba mutoto. Batoto yangu banauliza nilikuwa namna gani mu butoto, na sina hata foto moja.”

Mama Jeannette alifungua albamu. Ukurasa ulikuwa mtupu, umebaki na madoa ya gundi.

Kasoki alizidi kufuta meza ile ile. Mtoto mchanga kwenye ile picha alikuwa yeye. Mwezi uliopita aliibandua, akaikata kwa mkasi ili abaki peke yake, kwani wenzake darasani walikuwa na picha zao. Kipande cha yule msichana asiyemjua alikificha ndani ya daftari.

“Labda ilipoteaka wakati tulikimbia vita,” Mama Jeannette alisema kwa unyonge.

Loo, uongo ulikuwa umeshatengenezwa! Kasoki alihitaji kunyamaza tu. Adelaïde alichukua mfuko wake polepole. Hakulia, na hilo lilimuumiza Kasoki zaidi.

“Mama, haikupotea!” alisema. “Njo mimi niliikata. Munisamehe.”

Alikimbia bwenini, akarudi na vipande viwili. Adelaïde aliviunganisha mezani, akamgeukia Kasoki.

“Kumbe wewe njo Kasoki? Ulikuwa unalia siku muzima, ukinilowesha mugongo! Angalia, mikono yangu iko kwa kipande yako.”

Kasoki alicheka huku machozi yakimtoka.

“Kesho tutapeleka hii kwa mupiga foto, atoe mbili nzima,” Mama Jeannette alisema, akiuacha ufunguo wa kabati juu ya meza. “Na mimi nilikosea kwa kufungia batoto foto zao. Lakini wewe, mwanangu, ungeniomba. Foto ni ya kila muntu mwenye iko ndani. Ukikata mwenzako, unakata na mikono yenye ilikubeba. Leo umesema kweli, na kila mumoja atapata yake.”