Machozi ya Nola Pruitt

Kila asubuhi, kabla uji wa shayiri haujapoa, Verna, mama yake Nola, alimkalisha binti yake kwenye kiti cha jikoni na kuanza kumfungua vitambaa kichwani. Usiku nywele zilisokotwa kwenye vipande vya shuka kuukuu. Asubuhi zilifunguliwa zikawa viringo vilivyoning'inia hadi mabegani. Nola alikuwa na miaka kumi na miwili, na nywele zake hakuziona zikiwa zimenyooka ila siku za Jumapili.

"Acha kutikisika," mama alisema. "Leo tunapiga picha ya kituo cha treni. Umeshapata kitu cha kukuliza?"

"Nimepata."

"Kitu gani?"

"Huu uji."

Mama alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mwaka huo wa 1937 kulikuwa na watoto wengi pale Hollywood waliojua kuimba, na wengi zaidi waliojua kucheza dansi. Nola Pruitt alijulikana kwa kulia. Alianza akiwa na miaka minne, kwenye mashindano ya dansi kule Long Beach. Viatu vilimbana akaangua kilio, na mtu wa Studio ya Larkmont akasema, "Huyo anayelia ndiye ninayemtaka." Katika filamu ya kwanza alibebwa tu begani. Kufikia ya tatu, jina lake lilikuwa kwenye mabango, na akina mama waliingia ukumbini na leso mbili mbili.

Siri yake ilikuwa ndege wake wa manjano aliyekufa kwenye kitundu. Nola alimfikiria yule ndege, na machozi yakaja. Lakini mtu hawezi kumlilia ndege mmoja miaka minane. Mwaka huo kisima kilikauka.

Baba yake, Clyde, hakuwa mtu wa filamu. Alifanya kazi kwenye visima vya mafuta huko Signal Hill, akipanda minara mirefu ya chuma, na alirudi nyumbani Jumapili. Mikono yake ilinuka mafuta hata baada ya kuoga. Nola aliipenda harufu hiyo.

Pale studio, nyuma ya jengo la kupigia picha, palikuwa na chumba kidogo chenye ubao na madawati mawili. Sheria ya California iliwataka watoto wa filamu wasome kila siku, na aliyeisimamia sheria hiyo pale Larkmont alikuwa Mwalimu Tolliver. Alikuwa mwembamba, viatu vizito miguuni, kengele mkononi. Akiipiga kengele, kazi inasimama. Hata mwenye studio aliiogopa.

Dawati la pili lilikuwa la Opal Jensen. Kila nyota alikuwa na mtu aliyeitwa kivuli chake, mwenye kimo kilekile na nywele za rangi ileile. Kazi ya kivuli ilikuwa kusimama juu ya alama ya chaki, chini ya taa kali, wakati mafundi wakipima mwanga. Nyota aliingia mwishoni, akiwa hajatoka hata tone la jasho. Opal alikuwa kivuli cha Nola kwa filamu nne. Alizijua taa zote kwa joto lake, lakini uso wake haujawahi kuonekana kwenye filamu hata moja.

"Leo utalia?" Opal alimuuliza wakiwa wanafanya hesabu za sehemu.

"Ukinipa jibu la swali la tano nitalia kwa furaha."

"Nikikupa jibu langu, utalia ukirudishiwa daftari."

Mwalimu Tolliver aligonga meza. "Mabibi, mtaliliana baadaye."

Picha ya siku hiyo ilikuwa rahisi kuieleza. Msichana yatima yuko kituoni. Babu yake anapelekwa kwenye nyumba ya maskini, treni inaondoka, msichana analia. Hakuna maneno. Mwongozaji, Bwana Hartwig, alikuwa mtu mnene aliyevaa fulana ya sufu hata wakati wa joto, na kila kitu kwake kilikuwa cha haraka.

Walijaribu asubuhi nzima. Moshi ulipulizwa, treni ya mbao ikasukumwa, mzee aliyeigiza babu akapunga kofia. Nola akakunja uso. Macho yakabaki makavu. Wakamtia machoni matone ya glisirini, machozi ya bandia, yakateremka mashavuni kama jasho la mpanda baiskeli.

"Kata!" Bwana Hartwig alifoka. "Anaonekana kama mtoto anayetaka chooni! Nendeni mkale."

Wakati wa chakula Nola alimwona Bwana Hartwig nyuma ya ukuta wa karatasi, ameinama, akizungumza na Opal. Mama Verna alikuwa pembeni yao akishika mkoba wake kwa mikono miwili. Nola hakulitilia maanani. Opal aliporudi, hakugusa mkate wake.

"Una nini wewe?"

"Joto," Opal alisema.

Baada ya chakula, taa ziliwashwa. Opal alikuwa amesimama kwenye alama ya chaki, Nola akaja kushika nafasi yake. Kwa kawaida Opal angempisha kwa kumkanyaga kidole kidogo, utani wao wa siku zote. Safari hii alimshika mkono. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Nola," alinong'ona, "baba yako ameanguka. Kwenye mnara. Wamempigia mama yako simu."

Nola aligeuka kumtafuta mama. Mama Verna alikuwa kando ya kamera. Alitazama chini, akaweka mkono mdomoni.

Nola hakusikia kamera ikianza kuzunguka. Alimwona baba angani, mikono yake yenye mafuta ikikosa pa kushika. Kilio kilimtoka tumboni. Alipiga magoti juu ya mbao, akalia bila kujali viringo vya nywele, akalia kamasi zikamchuruzika. Treni ya mbao ikapita.

"Kata!"

Watu wakapiga makofi. Bwana Hartwig akamwinua hewani kama mtoto mchanga. "Malkia wangu! Baba yako hajambo kabisa! Yuko kazini kwake, hana hata mkwaruzo. Ilikuwa janja yetu kidogo tu!"

Mmoja akacheka, na wengine wakamfuata. Nola aliwatazama mmoja mmoja. Mama alikuwa bado anatazama chini. Opal alikuwa ameshatoweka.

Ndipo Gus, msaidizi wa mpiga picha, alipofungua kamera kuikagua, kama afanyavyo kila mara baada ya kupiga picha. Alichungulia pale filamu inapopitia.

"Bosi, kuna unywele."

Kipande chembamba cha filamu kilikuwa kimekwama mbele ya tundu. Kwenye ukumbi wa sinema kingeonekana kama kamba nyeusi inayocheza juu ya uso wa Nola. Picha yote ilikuwa imeharibika.

"Turudie," alisema Bwana Hartwig. "Nola, mpenzi, unakumbuka ulivyojisikia?"

Nola alijifuta pua kwa mkono wa gauni la filamu, kitu kilichokatazwa kabisa, akatoka.

Alimkuta Mwalimu Tolliver akirudi kutoka ofisini, amekasirika. Alikuwa ameambiwa kuna simu yake huko. Hapakuwa na simu. Nola alipomaliza kumsimulia, mwalimu aliikaza kengele mkononi. Alikwenda hadi mlangoni mwa jengo, akapiga kengele mpaka mafundi wakaziba masikio.

"Leo mtoto huyu hafanyi kazi tena," alisema. "Atakayebisha akabishane na jimbo zima."

Mama Verna aliingia kwenye chumba cha masomo akiwa na koti la Nola.

"Ulijua?" Nola aliuliza.

"Nola, hii ni kazi. Siku ikipotea, watu wote wale..."

"Nimeuliza kama ulijua."

Mama akavua glavu moja, akaivaa tena. "Nilijua."

Opal alikuwa amejibanza nyuma ya ubao. Nola aliviona viatu vyake.

"Na wewe toka huko. Walikuahidi nini?"

"Sentensi," Opal alisema, na sauti ikamkatika. "Sentensi moja kwenye filamu. Kwa uso wangu mwenyewe."

"Ungeniomba mimi! Ningemwambia Hartwig akupe kumi!"

"Unaona? Wewe ungemwambia akanipa. Mimi hata nikimsalimia hanisikii."

Maneno hayo yalimzidishia Nola hasira. Usiku huo alisokota nywele zake mwenyewe. Mama alisimama mlangoni na vitambaa mkononi, akaambiwa hahitajiki.

Asubuhi, Nola alikaa kwenye dawati lake akiwa amewapa wote mgongo. Mama Verna aliingia akihema.

"Baba yako yuko langoni! Amekuja!"

Nola alicheka, kicheko kikavu cha mtu mzima. "Leo ni machozi gani? Ya furaha? Kamera mmeificha wapi, chini ya meza?"

"Mwanangu, ni kweli. Mwalimu alimpigia simu jana. Ameomba ruhusa ya asubuhi tu, na mlinzi haruhusu mgeni wa nyota kuingia mpaka nyota mwenyewe amtambue."

"Jana alikuwa ameanguka. Leo yuko langoni. Kesho atakuwa mwezini."

Mama akatoka. Baada ya muda Opal alichungulia mlangoni, uso umemwiva.

"Nola, nimemwona kwa macho yangu. Amebeba kopo lake la chakula. Anasema basi lake linakaribia."

"Hata wewe! Wamekuongezea sentensi ya pili?"

Opal aliondoka bila kujitetea. Nola alishika penseli na kuandika hesabu ambayo hakuielewa. Moyo ulimwambia aende, na moyo huohuo ukamkumbusha jinsi walivyopiga makofi. Akikimbilia langoni na kukuta hapana mtu, nani atamtazama usoni tena? Akabaki.

Mwalimu Tolliver alikuja mwishowe, akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Mimi nimewahi kukudanganya?"

Nola alifikiri. "Hapana. Hata pale nilipokuomba useme insha yangu ni nzuri."

"Ilikuwa mbaya sana ile. Sasa sikiliza. Baba yako yuko nje, na basi limeshafika."

Nola aliruka hata dawati likaanguka. Alikimbia kati ya majumba ya mbao, akapita kundi la wachunga ng'ombe wa filamu waliokuwa wakinywa kahawa, akafika langoni viringo vyote vimefumuka. Kando ya barabara, mtu mwenye kopo la chakula alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi.

"Baba!"

Clyde aligeuka. Basi likaondoka bila yeye. Nola alimkumbatia, akaingiza uso wake kwenye shati, akanusa mafuta. Hapo ndipo aliposadiki kwamba hakuanguka.

"Nilidhani hutaki kuniona," baba alisema.

"Nilidhani hupo."

Walikutana wote kwenye chumba cha masomo, hata Bwana Hartwig. Clyde hakupaza sauti. Alimgeukia mkewe, akamwambia, "Verna, kila asubuhi napanda ule mnara na kumwomba Mungu nishuke salama. Nyinyi mmenishusha kwa mdomo ili mpate picha."

Mama Verna alilia, na pale hapakuwa na kamera. Alimwambia Nola, "Nilikosa. Niliogopa wangekuacha, nikasahau kwamba mimi ndiye sikupaswa kukuacha."

Opal alisimama bila kuitwa. "Bwana Hartwig, ile sentensi siitaki tena. Mpe mtu mwingine." Kila mtu pale alijua sentensi ile ilikuwa na thamani gani kwake.

Bwana Hartwig alikohoa. "Mimi... nilifanya haraka. Samahani." Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia, "Lakini picha ya kituo bado hatuna."

"Utaipata," Nola alisema. "Lakini uniambie unataka nini, na usinifanyie hila. Mimi ni mwigizaji. Niache niigize."

Mchana huo alisimama kwenye alama ya chaki. Moshi ukapulizwa. Mzee aliyeigiza babu aliinama kuagana naye, na Nola akaona kifungo cha koti lake kimefunguka. Alikifunga polepole, akailaza kola vizuri, akarudi nyuma huku mikono yake ikiwa bado imejikunja kana kwamba imeshika lile koti. Treni ya mbao ikapita. Kama machozi yalikuja au hayakuja, hakuna aliyekumbuka kuangalia. Gus mwenyewe nusura asahau kufungua kamera.

Baadaye Nola na Opal walirudi kwenye madawati yao, maana sheria ni sheria na hesabu zilikuwa zikiwangoja. Mama Verna alisimama mlangoni. Mwalimu Tolliver aliweka chaki chini.

"Kabla hatujaendelea, lisikieni hili, na aliye mlangoni naye asikie. Njia ya mwongo ni fupi. Jana Nola aliambiwa uongo mbele ya macho yenu, watu wakaupigia makofi, na haukufaa hata kwa filamu. Lakini hasara kubwa imekuja leo. Nola aliambiwa kweli na watu wawili wanaompenda, akashindwa kuiamini, na nusura ampoteze baba yake langoni. Anayekudanganya leo anakuibia pia ile kweli atakayokwambia kesho. Kazi nzuri haihitaji hila. Umeiona mwenyewe, Nola. Haya, ukurasa unaofuata."

Mama Verna aliitikia kwa kichwa, akaondoka.

Opal alisogeza daftari lake taratibu mpaka likagusa la Nola. "Umenisamehe?"

"Bado," Nola alisema. "Na ukiniambia kitu, nitakuuliza mara mbili."

"Niulize hata mara kumi," alisema Opal. "Nitakujibu lilelile."